Kalamu ni Amana: Nasaha kwa Anayeanza Kuandika Mtandaoni



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine hukulitarajia katika safu hii, nalo ni namna ya kuanza kuandika katika mtandao wa intaneti. Sababu yake ni suali tuliloulizwa, ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile.

Ilikuwa baada ya darsa ya akina mama. Wenzake walikuwa wameshainuka kuwahi majumbani kabla ya Magharibi, akabaki mama mmoja, akatoa mkobani daftari ambalo jalada lake limeshikizwa kwa utepe. Mama huyu alifiwa na mumewe, na eda yake yote alikaa akiandika. Aliandika aliyoyafanya na aliyoyaacha, maneno ya waliokuja kumhani, namna alivyowaeleza watoto wake msiba huo, karatasi zilizotakikana na hakujua zimewekwa wapi, na madeni ya marehemu yaliyojitokeza mmoja mmoja baada ya khitma.

"Maalim," alituambia, "nilipofiwa nilitafuta kwenye simu kitu cha kunisaidia kwa lugha yetu. Nilipata vya Kiarabu nisivyovifahamu, na vya Kiingereza vilivyoandikwa na watu wasiozijua nyumba zetu. Binti yangu ameniambia anaweza kunifungulia blogu, niyaandike haya wayasome wenzangu. Je, yafaa? Ama ninyamaze?"

Jawabu la haraka lilikuwa tayari ulimini mwetu: nyamaza mama, mtandao ni fitina. Lakini tulijua kwamba jawabu hilo halitoki katika elimu. Lilitoka katika hofu yetu sisi wenyewe, na hofu hiyo ina kisa chake. Tukamwomba atupe muda hadi darsa ya pili.

Kisa chenyewe ni hiki, nasi twakisimulia kwa haya. Miaka kadhaa iliyopita sisi pia tulifungua ukurasa wetu mtandaoni, tukiandika mawaidha mafupi mafupi. Usiku mmoja tuliletewa khabari kwamba mtu fulani wa mtaani kwetu amekula mali ya mayatima. Aliyetuletea ni mtu tunayemwamini, naye aliipata kwa mtu anayemwamini. Ghera ikatupanda, tukaandika. Hatukutaja jina, lakini tulitaja aina ya duka na upande wa msikiti lililoko, na kila mtu wa mtaa akamjua. Kulipokucha ikadhihirika kuwa mali hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mwengine kabisa, na kwamba huyu tuliyemwandika ndiye aliyekuwa akiwalisha mayatima hao kutoka mfukoni mwake. Tukayafuta maneno yetu kabla ya adhuhuri, na tukaandika kumtaka radhi.

Tulidhani tumeyafuta. Kumbe yalikuwa yamekwisha kunakiliwa na kupelekwa huku na huku. Mwaka wa pili wake ikaja posa ya binti wa mtu yule. Jamaa wa upande wa kijana walikuja na maneno yetu yamo simuni mwao, neno kwa neno, bila ya ile radhi tuliyoiandika baadaye. Posa ikarudi. Tulikwenda tena dukani kwake, akatukaribisha kwa kahawa kama ada, akatuambia, "Sheikh, mimi nimekusamehe tangu siku ile. Lakini aliyenayo simuni mwake hajui kuwa mimi nimekusamehe." Hatukuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo tuliweka kalamu ya mtandaoni chini, tukajihesabu kuwa tumeongoka.

Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Suali la mama yule lilitufanya tujiulize: je, unyasi huu una nyoka, ama ni unyasi mtupu? Tulilokosea sisi lilikuwa ni kuandika, au ni kuandika tusilolihakikisha? Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wachunguze khabari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Nasi tulidhani kwamba uaminifu wa msemaji watosha, hali yeye hakuona wala hakusikia. Aya hiyo hatukuikosa kwa kutoijua, kwani tumeisomesha mara nyingi. Tuliikosa kwa pupa. Basi dawa ya pupa ni subira, wala si kuivunja kalamu.

Na lau wanawake wangelinyamaza, tungelikosa mengi. Bibi Aisha (R.A.) amepokewa hadithi zaidi ya 2000, na mengi katika hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ambayo hakuna mwengine aliyeweza kuyajua. Hapa kwetu pwani, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Aliyekusudiwa ni mtoto mmoja. Lakini nakala ilizaa nakala, na leo hakuna mwanachuo wa Kiswahili asiyelijua jina la mama huyo wa visiwa vya Lamu. Na hapa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hakungojea awe na kiwanda cha uchapaji. Alianza na alichokuwa nacho, akaandika kwa lugha ya watu wake juu ya mambo yaliyowasumbua, na baadaye makala yake yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi.

Tulipokutana tena na mama yule tulimwambia: andika, lakini andika kama atakayeulizwa. Yafuatayo ndiyo tuliyomueleza, nasi twayaleta hapa kwa faida ya kila mama, baba na kijana mwenye daftari kama lake.

Kwanza, yafaa kuijua blogu ni kitu gani. Ni mfano wa daftari lililofunguliwa katika intaneti: kila makala ina kichwa na tarehe yake, na iliyoandikwa mwisho ndiyo hukaa juu. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumika mwaka 1997, na mwaka 1999 likafupishwa. Mwaka huo huo wa 1999 ulianza mtambo wa Blogger, na mwaka 2003 ukaja WordPress. Yote miwili bado iko, na mtu aweza kuanza bila ya kulipa hata senti, ila gharama ya intaneti yake. Hahitaji kompyuta, kwani simu aliyonayo yatosha. Anahitaji anwani ya barua pepe, jina la blogu, na neno la siri lililo refu ambalo halitumii mahali pengine. Tena awashe ule uhakiki wa hatua mbili, ambao humfanya mwizi wa neno la siri asiweze kuingia mpaka apate na namba inayoletwa simuni. Kazi hii yote haifiki saa moja. Kazi iliyo ngumu ni inayokuja baada yake.

Pili, niya na maudhui. Jiulize kabla ya kuandika: namwandikia nani, na nataka atoke hapa na nini? Wengi huanza wakitaka kuandika juu ya kila kitu, na mwezi wa pili hawana la kuandika. Chagua mlango mmoja unaoujua kwa kuuishi. Aliyelea mtoto asiyesikia ana la kuwaambia wazazi wenziwe. Aliyepika biriani ya harusi kwa miaka ishirini ana la kumwambia bibi harusi. Mama yetu alikaa eda, basi mlango wake ni huo. Kipimo chetu ni chepesi: ikiwa huwezi kuandika vichwa kumi vya makala papo hapo katika karatasi, mlango huo si wako bado.

Tatu, namna ya kuandika. Msomaji wa mtandaoni yuko jikoni, ama garini, ama kitandani amelala mtoto kifuani, na kioo chake ni kidogo kama kiganja. Mhurumie. Kichwa cha makala kiseme wazi yaliyomo, kwa maneno ambayo mtu mwenye shida angeyatumia kutafutia. "Karatasi za Kutafuta Mume Anapofariki" ni kichwa chema kuliko "Machozi ya Alfajiri", kwa kuwa aliyefiwa usiku huu hatatafuta machozi. Faida kubwa iwe mwanzoni, aya ziwe fupi, na maneno mia tano kwa makala yatosha. Andika kwanza katika daftari ama simuni nje ya blogu, uisome kwa sauti, kisha uilaze. Makala iliyolala usiku mmoja huamka na makosa yake yakionekana. Lau sisi tungeilaza ile yetu usiku mmoja tu, ile posa isingerudi.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, ni isnadi. Wanazuoni wa hadithi hawakukubali neno mpaka wajue limetoka kwa nani, naye kalipokea kwa nani. Walisafiri miezi kwa ajili ya hadithi moja. Mwandishi wa mtandaoni hahitaji safari hiyo, lakini anahitaji adabu yake. Ukisema jambo la dini, taja sura na aya, ama kitabu na mwanachuoni uliyemsikia. Ukisema jambo la serikali, taja sheria ama ofisi. Ukisema ulilolishuhudia, sema umelishuhudia. Na ukisema ulilosimuliwa, sema umesimuliwa. Na usilolijua, liache, ama mpelekee ajuaye. Neno "sijui" halimpunguzii mtu heshima. Na ukikosea, usifute kimya kimya. Andika juu kabisa ya makala hiyo hiyo kuwa ulikosea, na sahihi yake ni hii, na tarehe ya kusahihisha, ili kila anayefika akute radhi pamoja na kosa.

Tano, mipaka ya nyumba. Yako mambo ambayo ni kweli tupu na bado hayaandikiki. Siri ya mume na mke haiandikiki. Aibu ya mtoto haiandikiki, kwani mtoto huyo atakuwa mtu mzima na maneno yatamngojea. Jina la skuli yake, picha ya mlango wa nyumba, na saa mnazokuwa safarini, yote ni ya kuhifadhiwa. Na usengenyi ulioharamishwa katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat haugeuki kuwa halali kwa kuwa umeandikwa vizuri. Kutotaja jina hakumwokoi mtu, kama tulivyojifunza sisi: ukitaja duka na msikiti, umeshataja jina. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo inamtaka aheshimu haki na sifa za wengine. Iko pia sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta na mitandao, na ya mwaka 2019 juu ya kulinda taarifa za watu binafsi. Ni vizuri mwandishi ajue kuwa zipo. Lakini Muumini ana mwangalizi aliye karibu zaidi, kwani Suratu Qaf, aya ya 18, yatukumbusha kwamba hakuna neno litamkwalo ila pana mwenye kulichunga.

Hapa tuwageukie pia akina baba. Mama wa nyumbani akitaka kuandika, yafaa washauriane na watu wa nyumba yake: yapi yatolewe na yapi yabaki. Ushauri ni jambo jema, lakini usigeuzwe kuwa kufuli. Tumewaona wanaume wanaopeleka kila uvumi katika simu zao tangu alfajiri hadi usiku, kisha wakamkataza binti yao kuandika namna ya kufuma kofia, ati mtandao una fitina. Ikiwa ni fitina, basi tuanze na zile tulizozipeleka sisi.

Sita, subira na hifadhi. Mwezi wa kwanza wasomaji wako watakuwa dada yako na binti yako. Usivunjike moyo, wala usikae ukihesabu waliopita. Chagua siku moja ya juma na uishike, makala moja kwa siku hiyo. Picha tumia ulizozipiga mwenyewe, kwani ya mtu ina mwenyewe, na kuichukua bila ya idhini ni kuchukua mali yake. Na kila ulichokiandika kiwekee nakala nje ya mtandao, japo ni daftarini. Mitambo hii ni ya watu wengine, na siku wakitaka kuifunga hawatakubishia hodi.

Mama yule aliyasikiliza yote, akauliza suali moja tu: "Na jina langu?" Tulimwambia kuwa kunya ni sunna ya Waarabu tangu kale, na mtu aweza kujulikana kwa jina la mwanawe bila ya kumdanganya yeyote. Binti yake akamfungulia blogu usiku ule.

Makala yake ya kwanza ilikuwa ni juu ya siku tatu za mwanzo: kibali cha mazishi, cheti cha kifo, na ni nani wa kumwambia nini. Ya pili ilikuwa ni juu ya miezi minne na siku kumi zilizotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 234. Ya tatu ni juu ya madeni, kwamba deni na wasia hutangulia kabla ya mirathi kugawanywa, na kwamba mwenye shida katika mirathi aweza kwenda mahakama ya kadhi. Kila palipokuwa na hukumu ya dini alitupitishia kwanza, akataja aya. Kila palipokuwa na machozi yake, hakuhitaji isnadi ya mtu, kwani yeye ndiye shahidi.

Kwa miezi mitatu hapakuwa na neno kutoka kwa yeyote. Kisha siku moja alikuja darsani mapema, simu mkononi, akatuonesha barua. Mwandishi wake ni binti wa pwani anayefanya kazi za nyumbani Saudia. Mumewe alifariki huku nyumbani, nao jamaa walimficha khabari kwa wiki sita, wakihofia asije akaacha kazi na mshahara ukakatika. Sasa ameambiwa, na anauliza: eda yangu naianza leo, ama ilikwisha anza? Nami niko nyumba ya watu, nifanye nini?

Tulimuuliza mama yule, "Umemjibu nini?"

"Nimemjibu kuwa nimeipata barua yake, na kwamba nitamuombea dua," alisema. "Hilo la eda sikulijibu. Nimekuja kwako, Maalim, kwa kuwa sina elimu nalo."

Ndugu msomaji, jawabu lenyewe tulimpa: kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na ndiyo ya madhehebu yetu ya Shafi, eda ya mfiwa huhesabiwa tangu siku aliyofariki mume, wala si siku ilipomfikia khabari. Zile wiki sita zimo katika hesabu, na atamaliza zilizobaki. Na ikiwa ana mimba, eda yake ni kujifungua. Ama kazi yake, anayehitaji kutafuta riziki ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja, na kila la zaidi alieleze hali yake tumjibu kwa tafsili. Mama aliyaandika yote, akatusomea tena tuhakikishe, ndipo akayapeleka. Usiku ule ule yakamfikia mwenye haja, ng'ambo ya bahari.

Lakini lililotuliza zaidi ni lile "sikulijibu". Mwanamke aliyesoma chuo cha mtaani tu, na simu ya kioo kilichopasuka, aliletewa khabari usiku na mtu mwenye haja kubwa, na moyo wake umejaa huruma, na kidole chake kiko juu ya kibonyezo. Akangoja hadi asubuhi. Sisi, kwa vilemba vyetu na vitabu vyetu, tulishindwa na jambo hilo.

Tumeanza tena kuandika mtandaoni, kidogo kidogo. Makala yetu ya kwanza ilikuwa ni ile radhi, tuliyoiandika upya kwa ukamilifu, baada ya kumuuliza mwenyewe kama ataridhia. Alifikiri, akasema tuandike, na tuiache pale pale isiondoke, ili atakayeyapata yale maneno ya mwanzo simuni mwake na akatafuta, ayapate na haya.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azitakase kalamu zetu, azisitiri nyumba zetu, na awape subira wafiwa wetu walio karibu na walio mbali. Tukijaaliwa, juma lijalo tutaendelea na maudhui ya malezi pale tulipoachia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.